Alama Kumi na Nane

Jumamosi mchana, afisa utumishi wa kiwanda cha rangi alivunja kanuni ya nne kati ya kanuni kumi na mbili alizoziandika mwenyewe. Kanuni hiyo ilisema fomu za waombaji kazi zisitoke nje ya jengo la ofisi. Yeye alizitoa zote sitini na tatu, ndani ya mfuko, chini ya mkate, akazimwaga juu ya meza ya kulia nyumbani kwake, kwa sababu ofisini kulikuwa na joto na nyumbani kulikuwa na feni na mke.

Mke alikuwa anapiga pasi. Karibu na dirisha alikaa mama yake afisa kwenye kiti cha magurudumu. Mkono na mguu wake wa kulia vilikuwa havifanyi kazi tangu alipopata kiharusi miaka tisa iliyopita. Ulimi ulikuwa umepona wote. Jikoni, binti wa miaka kumi na miwili alikuwa anaosha vyombo mlango ukiwa wazi. Nyumba nzima ilimwita Kasuku kwa sababu hakuna alilolisikia akalinyamazia.

Kiwandani afisa aliitwa Mizani. Jina lilianza kama kejeli, kisha yeye akalipenda, na kejeli ikaishia hapo. Alikuta kazi zikigawiwa kwa mashemeji na mabinamu wa wasimamizi, akatunga mfumo. Mwombaji anapewa namba, jina linafichwa. Karani anachapa upya fomu na majibu ya mtihani ili mwandiko usimsaliti mtu. Mwenye ndugu kiwandani anamtaja kwenye barua iliyofungwa ndani ya bahasha, na bahasha haifunguliwi mpaka mwisho. Anayekataliwa anaandikiwa sababu, na ana haki ya kukata rufaa. Ulikuwa mfumo mzuri. Hilo lisemwe mapema, maana mbele kidogo mfumo huo utachekwa.

"Msikilizeni huyu," alisema Mizani. "Namba arobaini na moja."

Pasi ilisimama juu ya shati, kisha ikaendelea. Namba arobaini na moja ndiye aliyekuwa ameishika.

Aliomba kazi hiyo ya kutunza stoo bila kumwambia mumewe, na hakuvunja kanuni hata moja. Bahasha yake ilikuwa kwa karani. Mtihani aliufanya Alhamisi kwenye ukumbi wa shule, mahali ambapo siku hiyo kanuni ya sita ilimkataza Mizani kukanyaga. Kabla mama mkwe hajaugua, alikuwa ametunza stoo ya ghala la vitambaa kwa miaka sita. Mwaka huu alikuwa ameshakataliwa sehemu tatu, na kila sehemu walimuuliza jambo moja: miaka yote hii ulikuwa wapi? Alijua kwamba akikosa na hapa, mwakani swali litakuwa lile lile, ila miaka itakuwa kumi.

"Ana kichwa kizuri," aliendelea Mizani. "Kwenye mtihani nilificha kosa. Pipa moja la rangi limeingizwa mara mbili. Watu sitini na tatu, wameliona wanne. Huyu ameliona, na ameandika na wa kuulizwa."

"Nani wa kuulizwa?"

"Aliyepokea mzigo zamu ya asubuhi. Sahihi kabisa. Themanini na tisa kwa mia."

"Basi mpe kazi."

"Ngoja kwanza, mwenzangu. Hayupo kazini miaka tisa. Tisa. Pengo kama hilo unapitisha lori la mchanga."

"Alifungwa?" aliuliza mama kutoka dirishani.

"Ameandika alikuwa nyumbani, anauguza na kulea."

"Anamuuguza nani?"

"Hajasema, Mama. Mtu tu. Watu wanauguza watu."

Mke aligeuza kola ya shati. Lilikuwa shati la Mizani la Jumatatu. "Unamkata ngapi?" aliuliza.

"Mbili kwa kila mwaka. Kumi na nane. Anabaki na sabini na moja, na usaili ni kuanzia sabini na tano."

"Kwa nini mbili?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Ukweli ni kwamba aliandika mbili kwa sababu moja ilionekana kidogo na tatu ilionekana roho mbaya. "Ni kipimo cha kitaalamu," alisema. "Tatizo ni kuandika sababu. Nikiandika 'alikuwa amelala miaka tisa' haipendezi."

"Andika, 'Amepoteza mazoea ya kazi.'"

Mizani aliisema sentensi hiyo polepole, kama mtu anayeonja chumvi, akaiandika. "Fupi, na haitukani. Kumbe wewe ndiye ungekuwa afisa utumishi."

"Mimi? Mimi nina miaka tisa sijafanya kazi. Nimepoteza mazoea."

Mizani alicheka kuliko wote. Kwa kweli alicheka peke yake, lakini alikuwa mtu wa kupenda vichekesho vyake na hakugundua.

Saa nane kamili simu ya mke ililia kengele. Aliiweka pasi, akachukua kidonge kwenye kabati, akamnywesha mama, akamfuta kidevu, akaandika mstari mmoja kwenye daftari lililoning'inia kwa uzi kwenye msumari. Alipokuwa anapita kurudi, Mizani aliinua miguu ili apite, macho yakiwa kwenye fomu ya arobaini na mbili.

* * *

Barua zilitolewa Jumatano kwenye dirisha la mlinzi, getini. Mke alisimama kwenye foleni kama wengine, mkoba kifuani. Mlinzi alimwona kutoka mbali.

"Shemeji! Pita, pita. Bosi yuko ndani."

Foleni nzima iligeuka kumtazama mtu anayepitishwa mbele.

"Sikumfuata bosi," alisema mke. "Nimefuata barua. Arobaini na moja."

Mlinzi alitazama barua, akamtazama yeye, akaona hapa pana jambo la wakubwa. Alimpa bahasha kwa mikono miwili, kama anayetoa rambirambi.

Ndani kulikuwa na karatasi moja. *Tunakushukuru kwa nia yako. Hukufikia kiwango. Makato ya pengo: alama kumi na nane. Sababu: Amepoteza mazoea ya kazi.* Aliisoma mara mbili. Jumamosi, alipoitunga, ilikuwa imekaa vizuri. Leo, ikiwa na muhuri juu yake, ilikuwa kama nguo uliyomshonea mtu mwingine ukalazimishwa kuivaa njiani.

Mbele yake mwanamke mmoja alikuwa anaikunja barua yake ndogo, ndogo zaidi, kama anataka iishe. Mgongoni alibeba mtoto mkubwa mno kubebwa. Miguu ya mtoto ilining'inia mpaka magotini kwa mamaye.

"Wewe wamekukata ngapi?" aliuliza mwanamke huyo.

"Kumi na nane. Wewe?"

"Ishirini na nne." Alimrusha mtoto kidogo ili akae sawa. "Miaka kumi na miwili. Huyu ndiye miaka yenyewe. Sema habari kwa mama."

"Habari," alisema mtoto.

"Nyuma ya barua wameandika kuna rufaa," mke alisema. Maneno hayo yalikuwa chini kabisa, herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Mwanamke aliyatafuta, akayaona, akacheka bila sauti.

"Rufaa unaandika, unaleta, unaitwa, unarudi. Dada yangu, mimi huyu nambeba. Safari moja tu ya hapa mgongo unaniuliza nimemkosea nini."

Akaondoka. Mke alirudi dirishani, akaomba fomu ya rufaa. Mlinzi akatafuta kwenye droo tatu. Ilikuwa ya kwanza kuombwa tangu mfumo uanze.

* * *

Jioni, Mizani alipokuwa anavua viatu, mke aliiweka fomu juu ya meza na kalamu juu ya fomu.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa mlinzi. Kanuni ya tisa."

"Ya nani?"

"Ya mtu aliyepoteza mazoea ya kazi."

Mizani aliivuta karibu. Juu kulia paliandikwa: Namba ya mwombaji, 41. Chini yake ulikuwepo mwandiko anaoujua tangu wakiwa wachumba, mwandiko ambao kwa miaka mingi umemwandikia karatasi za sokoni. Alikaa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Feni ilizunguka. Aliikumbuka Jumamosi yote, neno kwa neno, na alipofika kwenye lori la mchanga alifumba macho.

"Baba," alisema Kasuku, "si ndiyo lile pengo la kupitisha lori la—"

"Kasuku, nenda ukaangalie kama mlango wa nje umefungwa."

"Umefungwa."

"Basi nenda ukaufungue."

Mtoto alitoka. Mizani aliweka kiatu chini. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisaidia."

"Ndiyo, ningekusaidia."

"Ndiyo maana."

Hapo hakuwa na kanuni. Alijaribu njia nyingine. "Lakini ulikuwa umesimama pale pale. Unanisikia. Na sentensi ukanipa wewe."

"Nilitaka kujua utafika wapi. Nikaona huna hata neno la kunifukuzia, nikakuonea huruma."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema Mizani.

"Na ndoo umeiacha juu, Baba Kasuku. Soma kisanduku cha mwisho."

Kisanduku cha mwisho alikiandika yeye mwaka jana, siku aliyokuwa anajiona mwangalifu. Kilitaka *mtu anayeweza kuthibitisha shughuli za mwombaji katika kipindi cha pengo: jina, uhusiano, sahihi, shahidi afike mbele ya kamati mwenyewe.*

"Sahihi yangu haiwezekani," alisema. "Mimi ni mume, halafu mimi ndiye niliyesahihisha. Ni mgongano wa maslahi. Kanuni ya—"

"Ya tatu. Nani amekuomba wewe?"

"Lete hiyo kalamu," alisema mama kutoka dirishani.

"Mama, mkono wako."

"Wa kushoto uliugua lini?"

Walisogeza kiti mezani. Mama alishika kalamu kama mwiko, akaanza kuandika jina lake. Herufi ya kwanza ilichukua kisanduku chote, iliyofuata ikaingia kwenye eneo lililoandikwa *Kwa Matumizi ya Ofisi Tu*, na nyingine zikaenda zilikotaka. Iliisha baada ya dakika nne. Penye uhusiano alimwamuru mjukuu wake, aliyekwisha kurudi mlangoni, amwandikie.

"Niandike bibi?"

"Andika mgonjwa. Ndiyo kazi yenyewe." Kisha akamgeukia mwanawe. "Ulisema watu wanauguza watu. Nyani haoni kundule, lakini wewe baba yangu umezidi. Hata mama yako humwoni, na kiti changu kina magurudumu manne."

Mizani alisema kwamba kama kuna mashindano ya upofu, basi yeye ameshafika fainali. Hakuna aliyecheka. Mke alichukua fomu, akaipuliza wino ukauke.

* * *

Kesho yake asubuhi Mizani aliingia kwa mkurugenzi na kuyasema yote, kwa mpangilio, kama ripoti: fomu alizitoa ofisini, alizisoma kwa sauti nyumbani, mwombaji mmoja alikuwa chumba hicho hicho, na mwombaji huyo ni mke wake. Mkurugenzi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemkata mkeo alama kumi na nane."

"Ndiyo."

"Kwa kumuuguza mama yako."

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu usiyependelea kabisa, Mizani. Nimewahi kufanya kazi na wapendeleaji. Nilikuwa sijui kwamba kuna upande huu pia." Alivaa miwani. "Jumatatu saa nne. Wewe hutakuwa katibu. Utakaa kama afisa aliyetoa alama, na utajibu ukiulizwa."

Jumatatu, saa nne kasoro dakika kumi, kiti cha magurudumu kilifika mbele ya jengo la ofisi na kusimama. Palikuwa na ngazi nne. Juu ya ngazi, ukutani, lilining'inia bango alilolichagulia Mizani rangi na maandishi: *MLANGO WETU UKO WAZI KWA WOTE.*

Mama alilisoma taratibu. "Mlango uko wazi kweli," alisema. "Zilizofungwa ni ngazi."

Mlinzi na dereva wa lori walikibeba kiti na mama ndani yake. Kwenye ngazi ya tatu dereva aliteleza kidogo, kiti kikainama, na mama akashika kitu cha kwanza alichokipata, ambacho kilikuwa tai ya mwanawe. Wakaingia hivyo, Mizani ameinama, shingo mbele. Alisema kwa sauti ya chini kwamba tangu aanze kazi hapa hajawahi kuongozwa vizuri hivi.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: mkurugenzi, fundi mkuu wa kiwanda, na karani aliyekuwa anaandika. Fundi mkuu alikuwa amekuja na kucha zenye rangi ya samawati na uso wa mtu aliyeacha mashine inanguruma.

"Mama," mkurugenzi alianza, "huyu mwombaji ulikuwa naye miaka tisa?"

"Tisa na miezi miwili."

"Alikuwa anafika kazini kwa wakati?"

"Alikuwa analala kazini. Akikohoa mtu, ameamka."

"Ulikuwa unamlipa?"

"Kwa maneno," alisema mama, kisha, kwa kuwa alikuwa amekula kiapo, akaongeza: "Mengine mabaya."

Mke alitazama mikono yake. Halafu akafungua mkoba, akatoa madaftari kumi na moja yaliyofungwa kwa kamba ya kitambaa, akayasukuma mbele ya fundi mkuu. "Sikujua kama yanahesabika," alisema. "Nimeyaleta kwa kuwa kisanduku kilisema shughuli."

Fundi mkuu alifungua la juu kwa uvivu. Kila ukurasa ulikuwa na safu tano za mstari wa rula: tarehe, dawa, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Pembeni palikuwa na maelezo. Za kuisha muda mapema zilipigwa mstari mwekundu, zitumike kwanza. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine. Akavuta kiti.

"Hapa," alisema, na kusoma. "'Tarehe tatu. Kidonge cha presha kimeanguka, hakionekani. Iliyobaki kumi na tisa. Tarehe tatu, jioni. Kimeonekana chini ya kitanda. Kimetupwa. Iliyobaki kumi na tisa.'" Aliinua kichwa. "Hakukirudisha kwenye hesabu. Mkurugenzi, sisi mwaka jana tulitafuta mapipa manane ya gundi wiki mbili. Tungekuwa na daftari hili..." Hakumalizia. Alikuwa ameona kitu kingine. "Na hii? 'Tarehe kumi na nne. Mimi naumwa. Zamu ya mtoto wa mgonjwa. Amempa mara mbili. Daktari amepigiwa.'"

Karani aliacha kuandika.

"'Tarehe kumi na tano,'" fundi mkuu aliendelea, "'Zamu ya mtoto wa mgonjwa. Amesahau asubuhi. Tarehe kumi na tano, jioni. Zamu ya mtoto wa mgonjwa. Amekumbuka, lakini ni dawa ya kikohozi. Tarehe kumi na sita. Nimepata nafuu kidogo. Nimerudi kazini.'"

"Huyu mtoto wa mgonjwa," mkurugenzi aliuliza, "ana umri gani?"

Mama alitazama dari kwa adabu.

"Arobaini na mbili," alisema Mizani. "Ni mimi."

Karani aliuliza kama hilo liandikwe. Mkurugenzi akasema liandikwe lote. Kisha akavua miwani. "Afisa, swali moja. Kwa nini alama mbili kwa mwaka? Kwa nini si moja? Kwa nini si sifuri?"

Mizani alikuwa na jibu la kitaalamu mfukoni, kwenye karatasi. Aliliacha huko. "Moja niliiona ndogo," alisema, "na tatu niliiona roho mbaya. Sikupima kitu. Niliona tu kwamba mtu asiyekuwepo ofisini hayupo popote."

Mke alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

* * *

Kamati ilifuta makato ya pengo. Fundi mkuu alitaka yafutwe kwa namba arobaini na moja tu, ili arudi kwenye mashine zake akiwa na mtunza stoo. Aliyekataa ni mke. Alikuwa ameambiwa asubiri nje, lakini mlango ulikuwa wazi, kama bango lilivyosema, akajibu kutoka kwenye kibaraza.

"Mkinifutia peke yangu, si mtasema ni kwa sababu ya mume wangu? Na mtakuwa mnasema kweli. Futeni kwa wote."

Karani alizijumlisha upya fomu zote sitini na tatu mchana ule, mara mbili. Wa juu katika matokeo ya awali alikuwa na themanini na nne. Sasa walimpita wanne. Namba arobaini na moja ilipanda hadi themanini na tisa. Namba tisa ilipanda kutoka sitini na saba hadi tisini na moja. Wote walisailiwa Alhamisi, kila mmoja kwa maswali yale yale na muda ule ule, mbele ya watu ambao Mizani hakuwa mmoja wao. Usaili haukubadilisha mpangilio. Nafasi ilikuwa moja.

Matokeo aliyapeleka nyumbani mwenyewe, kabla ya barua. Aliyasema akiwa amesimama, maana aliona si habari za kukaa.

"Umekuwa wa pili."

Mke alikuwa anamkata mama kucha. Alimaliza kidole alichokishika. "Wa kwanza nani?"

"Namba tisa. Mwanamke mmoja. Ana mtoto ambaye..."

"Anambeba mgongoni. Namjua." Alicheka. Alicheka hadi akaweka mkasi chini, na mama naye akacheka kwa kuwa kiti kilitikisika, halafu kicheko cha mke kikakoma ghafla, akabaki ameinama, kiganja machoni. Mizani alitafuta neno la kusema na kwa bahati nzuri hakulipata.

"Niliubeba mlango mgongoni," alisema mke baadaye, "nikaufungua, nikamwambia mwenzangu tangulia. Ndivyo nilivyo na akili." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Alistahili?"

"Amezidi kwa mbili. Kosa la pipa ameliona, na la pili ambalo hata mimi sikujua lipo."

"Haya. Bora. Safari hii nimeshindwa na mtu. Zile tatu nilishindwa na kalenda."

"Uko kwenye orodha ya akiba. Miezi sita. Ikitokea—"

"Kanuni ya kumi na moja. Naijua." Alichukua mkono wa mama tena. "Atapandaje zile ngazi na yule mtoto, siku akikosa wa kumwachia?"

Swali hilo Mizani alienda nalo kazini kesho yake. Ili ijengwe njia ya mteremko pembeni ya ngazi, fundi mkuu alimpa mbao, saruji na masharti kwamba asishike chochote mwenyewe.

* * *

Jumamosi mchana feni ilizunguka, pasi ilikuwa moto, na Mizani alikuwa mezani na karatasi moja tu.

Kosa la kutoa nyaraka nje ya ofisi lilikuwa na adhabu yake, barua ya onyo. Kiwandani barua za onyo huandikwa na afisa utumishi. Mkurugenzi hakuona sababu ya kubadili utaratibu.

"Soma," alisema mke. "Kwa sauti ile ile ya siku ile."

"Mwenzangu, nina haya."

"Hata mimi nilikuwa nayo. Soma."

Mizani alikohoa. "'Kutoka kwa Afisa Utumishi. Kwenda kwa Afisa Utumishi. Kuhusu: Onyo la kwanza. Imebainika kwamba ulitoa fomu za siri ofisini, ukazificha chini ya mkate, ukazisoma mbele ya mwombaji mhusika, na kwa kukosa maneno ukapokea kutoka kwake sentensi ya kumkataa yeye mwenyewe.'"

"Polepole hapo," alisema mama. "Rudia mkate."

Alirudia mkate. "'Unapewa siku saba kujieleza.' Nikajieleza. Nikajijibu kwamba maelezo yangu yamepokelewa lakini hayaridhishi."

"Ulijiandikia ukali hivyo?"

"Yule afisa ana roho ngumu. Nimemjaribu kila njia."

Mke alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaacha pasi, akaketi mbele ya karatasi yake mwenyewe. Ilikuwa fomu ya kazi ya ghala la vifaa vya umeme, upande wa pili wa mji, mahali ambapo hakuwa na mume. Penye *kazi ya mwisho* aliandika: Mtunza dawa na muuguzi, miaka tisa na miezi miwili. Penye *mwajiri* aliandika jina la mama mkwe, akabandika nakala ya uamuzi wa kamati yenye muhuri. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza sababu ya kuacha kazi. Niandike nini?"

Kabla mtu hajajibu, simu ililia. Saa nane. Mke aliinuka nusu, lakini Mizani alikuwa ameshasimama. Tangu Jumatatu iliyopita zamu za mwisho wa wiki zilikuwa zake. Alifungua kabati, akasoma jina kwenye pakiti kwa kulinyooshea kidole, akatoa kimoja, akamnywesha mama, akamfuta kidevu na shavu ambalo halikuwa limelowa. Akarudi, akaketi, akajiona amefanya vizuri.

"Daftari," alisema mke bila kuinua macho.

Mizani akasimama tena, akaenda msumarini, akaandika.

Mke akainamia fomu na kuandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti. "'Sijaacha bado. Namfundisha anayepokea zamu.'"

"Na huyo anayepokea," mama aliuliza, "mpaka sasa umempa ngapi?"

Mke alimtazama mumewe, kuanzia kalamu aliyoisahau sikioni hadi kidonge cha pili, ambacho kilikuwa kimedondoka kwenye pakiti na kulala karibu na kiatu chake.

"Sabini na moja."

"Usaili ni kuanzia sabini na tano," alisema Kasuku kutoka jikoni.

Mizani alikiokota kidonge, akakitupa, akaandika kwenye daftari kwamba kimetupwa. Halafu akauliza fomu za rufaa zinapatikana wapi.